Uchoraji wa Wanyama kwa Pikseli: Picha ya Kamera na Alama Bainifu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna mchoraji anavyoweza kuanza na picha ya kamera na kuishia na mnyama aliyechorwa kwa miraba michache, lakini anayeonekana wa kweli. Uchoraji wa namna hiyo huitwa uchoraji wa pikseli. Pikseli ni mraba mdogo wenye rangi moja tu, na ndiyo sehemu ndogo kabisa ya picha inayoonyeshwa na kompyuta au simu. Katika picha za kawaida pikseli huwa nyingi mno hata jicho lisizitambue moja moja. Katika uchoraji tunaouzungumzia hapa mambo ni kinyume: miraba ni michache, yaonekana waziwazi, na kila mmoja umewekwa mahali pake kwa kukusudiwa.

Wasomaji wengi wamekwisha kumwona mnyama wa aina hii bila kumtafutia jina. Ni yule nyoka wa mchezo ulioanza kuwekwa katika simu za Nokia mwaka 1997. Simu ya Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na kioo chenye pikseli 84 kwa 48, yaani 4,032 kwa jumla, na kila pikseli ilikuwa ama nyeusi ama tupu. Nyoka huyo hakuwa na magamba, lakini hakuna aliyemdhania kuwa mjusi. Urefu wake, na ule mwili uliofuata kila kona iliyopitwa na kichwa, vilitosha kumtambulisha.

Huenda ikaulizwa jambo hili linahusu nini jarida la taaluma za Kiswahili. Linahusu mambo mawili. Kwanza, swali linalomkabili mchoraji wa pikseli, yaani kipi kibakizwe na kipi kiachwe ili kitu kiendelee kuwa kile kile, ni swali ambalo wanaisimu wamelishughulikia kwa muda mrefu katika fonolojia. Pili, picha za wanyama huandamana na maneno. Mtoto wa Lubumbashi anayejifunza kusoma neno *punda milia* kwa kawaida hajapata kumwona mnyama huyo. Kwake picha iliyo kando ya neno ndiyo maana ya neno. Picha ikipotoka, maana nayo imepotoka.

Hoja tunayoitetea ni hii: uhalisi wa mnyama wa pikseli hautokani na wingi wa mambo yaliyonakiliwa kutoka katika picha ya kamera, bali watokana na uteuzi wa alama chache zinazomtofautisha mnyama huyo na jamaa zake. Picha ya kamera ni shahidi. Hukumu ni ya mchoraji.

2.0 Maneno Tutakayoyatumia

Neno *picha*, ambalo asili yake ni Kiingereza, halitenganishi katika Kiswahili kitu kilichopigwa kwa kamera na kitu kilichochorwa kwa mkono. Upana huo una faida zake. Wasanii wa mji wetu wameliita shirika lao Picha, na tangu mwaka 2008 limeandaa maonyesho yanayojulikana leo kama Biennale ya Lubumbashi, ambamo wapigapicha na wachoraji hukutana. Hata hivyo, kwa kazi yetu tunahitaji kutenganisha. Tutasema *picha ya kamera* kwa ile inayotazamwa kama rejea, na *mchoro* kwa ile inayotengenezwa.

Neno *pikseli* nalo ni la kukopa. Katika Kiingereza liliundwa kwa kufupisha maneno yenye maana ya kipande cha msingi cha picha, na lilichapishwa mwaka 1965 katika maandishi ya Frederic Billingsley, mhandisi wa maabara ya safari za anga huko California. Kitu chenyewe kilitangulia jina lake. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake nchini Marekani waliingiza katika kompyuta picha ya mwanawe mchanga, ikiwa na miraba 176 kwa 176. Picha hiyo ya miraba 30,976 huhesabiwa kuwa picha ya kwanza ya kamera kuingizwa katika kompyuta.

Lipo pia neno *mraba*. Kiswahili kina fisi wa aina mbili ambao majina yao yatatufaa hapo baadaye: *fisi madoa* na *fisi miraba*. Katika jina la pili, miraba si maumbo yenye pande nne sawa, bali ni mistari ya rangi mwilini. Ili kuepusha utata, katika makala haya *mraba* utakuwa chumba kimoja cha karatasi au cha kioo cha kompyuta, na mistari ya mwilini tutaiita *milia*.

3.0 Kwa Nini Kompyuta Peke Yake Haitoshi

Leo zipo programu nyingi zinazoigeuza picha ya kamera kuwa miraba kwa kubonyeza mara moja. Inafaa kueleza kinachotokea ndani yake, kwa sababu huko ndiko mnyama anakopotea.

Tuchukue picha ya punda milia yenye pikseli milioni 12, kiasi cha kawaida kwa simu za leo, na tutake kuipunguza hadi miraba 32 kwa 32, yaani 1,024. Kila mraba mpya utachukua nafasi ya pikseli zaidi ya 11,000 za zamani. Programu ina njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni kutafuta wastani wa rangi za pikseli hizo zote. Mraba ukiangukia mahali penye mlia mmoja mweusi na mmoja mweupe, wastani wake ni kijivu. Matokeo yake, milia yote hufifia, na anayesalia ni mnyama wa kijivu mwenye masikio na kwato. Kwa maneno mengine, milia imeondoka na amebaki punda. Njia ya pili ni kuokota pikseli moja katika hizo 11,000 na kuzitupa nyingine. Hapo rangi hubaki nyeusi na nyeupe, lakini milia mingine hutoweka na mingine hunenepa bila mpango, kwa kutegemea tu pikseli iliyookotwa iliangukia wapi.

Kasoro hii haitokani na ubovu wa programu. Ni matokeo ya kanuni inayohusishwa na wahandisi Harry Nyquist na Claude Shannon: ili mpishano wa giza na nuru uhifadhiwe, kila jozi moja ya giza na nuru inahitaji angalau vipimo viwili. Kwa lugha ya mchoraji, mlia mmoja mweusi pamoja na jirani yake mweupe wanahitaji miraba miwili kwa uchache. Ubavu wa mnyama ukiwa na miraba 12, hauwezi kubeba zaidi ya milia sita myeusi. Ikiwa picha ya kamera ina mingi zaidi, mingine lazima iachwe. Swali lililobaki ni nani atakayechagua ya kuachwa.

Jambo la pili lilionyeshwa mwaka 1973 na Leon Harmon, mtafiti wa maabara za Bell nchini Marekani. Alitengeneza sura ya Rais Abraham Lincoln kwa miraba mikubwa ipatayo 250 tu ya rangi ya kijivu. Anayeitazama kwa karibu huona miraba mitupu. Akisogea mbali au akifinya macho, sura hujitokeza mara moja. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kingo za miraba yenyewe ni habari ya uongo: zinaliambia jicho kuwa hapa kuna mpaka, kumbe katika uso wa mtu hapana mpaka mahali hapo. Tukizififisha kingo hizo, uongo huondoka na sura hubaki.

Kutokana na jaribio hilo tunaweza kueleza tofauti iliyopo kati ya picha iliyopunguzwa na mashine na mchoro wa pikseli. Katika picha ya mashine, kingo za miraba huangukia popote. Katika mchoro mzuri, mchoraji huzipanga kingo hizo ziangukie kwenye mipaka ya kweli ya mnyama: mahali mgongo unapokutana na anga, mahali mlia mweusi unapokutana na mweupe. Hapo kingo za miraba huacha kusema uongo na kuanza kuutumikia ukweli.

4.0 Alama Bainifu

Mwanafunzi yeyote wa isimu anajua kwamba maneno *pata* na *bata* yanatofautiana kwa jambo moja tu, nalo ni mtetemo wa nyuzi za sauti mwanzoni mwa neno. Mengine yote yanayosikika, kama vile unene wa sauti ya msemaji, kasi yake na mafua aliyonayo, yapo kweli lakini hayabadili maana. Kinasasauti hunasa yote bila kubagua. Anayenukuu kifonimu huandika tu kile kinachotofautisha.

Kamera ni kama kinasasauti. Inanasa jani lililokauka mbele ya mguu, nzi aliye mgongoni, na mwanga wa jua uliounguza rangi ya bega. Mchoraji wa pikseli ananukuu kifonimu. Hana budi ajiulize: mnyama huyu angeweza kudhaniwa kuwa nani, na ni alama gani inayozuia kosa hilo?

Tuangalie mifano mitatu.

Chui na duma. Kichwa cha chui kimo katika nembo ya taifa letu tangu mwaka 2006, lakini katika michoro mingi midogo chui hugeuka duma bila kukusudiwa. Madoa ya chui, hasa ubavuni, ni mapete yaliyokatika, na katikati ya pete mna rangi iliyokoza kidogo kuliko ya mwili. Madoa ya duma ni nukta zilizojaa. Aidha, duma ana mstari mweusi unaoshuka kutoka kona ya jicho hadi mdomoni, chui hana. Mwili wa duma ni mwembamba, kifua chake kimeshuka na tumbo limebanwa. Chui ni mfupi wa miguu, mpana wa shingo. Mchoraji anayetia nukta moja moja ubavuni na kuita mchoro wake chui, amesema *bata* akitaka kusema *pata*.

Punda milia wa nyika na punda milia wa Grevy. Wa kwanza ndiye aliye katika Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, ambako kundi dogo tu limesalia. Wa pili ni wa kaskazini mwa Kenya na nchi jirani. Milia ya punda milia wa nyika huzunguka hadi tumboni. Ya Grevy ni myembamba na mingi, tumbo lake ni jeupe, na masikio yake ni makubwa ya mviringo. Mtu akitafuta picha ya rejea bila uangalifu, anaweza kumpa mtoto wa Katanga punda milia wa Samburu.

Okapi wa misitu ya Ituri. Mnyama huyu alielezwa na wanasayansi mwaka 1901, na mwanzoni wengine walidhani ni jamaa ya punda milia, kumbe ni ndugu ya twiga. Milia yake haipo mwili mzima. Iko mapajani na juu ya miguu ya mbele tu, nayo hulala mlalo. Mwili uliobaki ni wa hudhurungi iliyokoza. Mchoraji akitia milia ubavuni amerudia kosa lile la mwanzo.

Inafaa kutambua kwamba lugha yetu mara nyingi imekwisha kufanya uteuzi huu kabla ya mchoraji. *Punda milia*, *fisi madoa*, *fisi miraba*: jina la kwanza lataja aina ya umbo, la pili lataja alama bainifu. Anayeanza mchoro wa mnyama wa namna hii anaweza kulisoma jina kama maagizo ya kazi.

5.0 Hatua za Kazi

Hatua tunazozieleza hapa zaweza kufuatwa kwa programu za bure kama GIMP au Krita. Zaweza pia kufuatwa bila umeme. Daftari la shule lenye miraba ya milimita 5 latosha kabisa: mchoro wa miraba 32 kwa 32 huchukua sentimita 16 kwa 16, na hivyo hukaa katika ukurasa mmoja. Kwa mji ambamo umeme hukatika mara kwa mara, jambo hilo si dogo. Mfano wetu utakuwa punda milia wa nyika.

5.1 Kuchagua picha ya kamera

Picha ifaayo ni ile iliyopigwa kutoka ubavuni, kamera ikiwa kimo kimoja na mnyama, miguu yote minne ikionekana. Picha iliyopigwa kutoka juu ya gari hufupisha miguu na kukuza mgongo. Isitumiwe picha moja peke yake. Picha tatu za wanyama watatu tofauti humwonyesha mchoraji lipi ni la mnyama mmoja na lipi ni la jamii yote.

Ikumbukwe pia kwamba picha ya kamera ni kazi ya mtu. Katika nchi yetu haki za watunzi zinalindwa na sheria Na. 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Kuifuata picha ya mtu mwingine mstari kwa mstari bila idhini hakuwi halali kwa sababu tu matokeo yake ni ya miraba. Njia salama ni kutumia picha zako mwenyewe, au zile ambazo wenyewe wameziruhusu, na kuchukua kutoka kwazo maarifa ya mwili wa mnyama badala ya pozi na mpangilio wao.

5.2 Umbo la kivuli

Kabla ya rangi yoyote, pima mnyama kwa rula juu ya picha. Kwa punda milia, nusu ya kimo cha begani ni miguu. Tukimpa kimo cha miraba 20 begani, basi 10 ni miguu na 10 ni kiwiliwili. Urefu kutoka kifuani hadi matakoni hulingana na kimo hicho au huuzidi kidogo, tuseme 22. Kichwa na shingo vitapanda miraba 8 juu ya bega na kutokeza mbele.

Jaza umbo lote kwa rangi moja nyeusi, kama kivuli ukutani. Kisha mwonyeshe mtu asiyejua unachochora. Akisema farasi au punda, uko njiani. Akisema mbwa au ng'ombe, usiendelee. Mara nyingi kosa liko katika miguu. Kiungo kinachorudi nyuma katika mguu wa nyuma wa punda milia ni kifundo, goti lake liko juu karibu na tumbo. Asiyeitazama picha ya kamera huukunja mguu huo kama wa mtu.

5.3 Mstari

Mstari wa mshazari katika miraba ni ngazi, na ngazi hupendeza ikiwa na mpango. Vipande vya miraba 2, 2, 2 hutoa mteremko mmoja ulionyooka. Vipande vya 4, 3, 2, 1, 1 hutoa mpindo laini. Vipande vya 3, 1, 2, 1, 3 hutoa mstari wenye makovu. Mgongo wa punda milia, ambao hubonyea kidogo katikati na kupanda kiunoni, unahitaji mpindo wa aina ya pili. Kasoro ya ngazi ndiyo inayofanya michoro mingi ionekane ya ovyo hata pale ambapo vipimo vyake ni sahihi.

5.4 Rangi

Picha ya kamera ina maelfu ya rangi. Mchoro wetu utatosheka na nane. Uchache huu si adhabu. Mashine ya michezo ya Game Boy, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na vivuli vinne tu, na watoto wa dunia nzima waliwatambua wanyama wake.

Jambo la kujifunza kutoka katika picha ni kwamba nyeupe ya mnyama siyo nyeupe. Mgongoni, penye jua, hukaribia rangi ya maziwa. Tumboni, wakati wa kiangazi, hupokea umanjano wa nyasi kavu. Penye vumbi la udongo mwekundu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwenye kivuli huingia ubuluu. Vivyo hivyo nyeusi yake ni hudhurungi iliyokoza sana. Basi chagua rangi tatu kwa sehemu nyeupe, yaani ya jua, ya kati na ya kivuli, kisha mbili kwa sehemu nyeusi, moja kwa pua, moja kwa kwato, moja kwa ardhi. Rangi za penye jua ziegemee umanjano, na za kivulini ziegemee ubuluu. Kuongeza nyeusi tu ili kupata kivuli huifanya ngozi ionekane kama majivu.

5.5 Milia

Ubavu wetu, kutoka bega hadi paja, una miraba 12. Tumekwisha kuona kwamba haiwezi kuingia milia zaidi ya sita, na sita ya upana mmoja ingefanana na uzio. Heri minne: myeusi yenye upana wa 2, 1, 2, 1, na myeupe baina yake kwa mpango huo huo. Jumla ni 12 kamili. Kisha pindisha. Ubavuni milia husimama wima, kuelekea kiunoni huanza kulala, na mapajani hulala mlalo hasa. Mgeuko huo wa mwelekeo ndiyo alama bainifu. Idadi ya milia siyo. Hakuna mtazamaji anayehesabu milia, lakini kila mtazamaji huona kuwa kiuno kisichopinda milia si cha mnyama mwenye nyama na mifupa. Shushia milia hadi tumboni, maana tunamchora punda milia wa nyika na si wa Grevy. Pua iwe nyeusi tupu.

Ikiwa mchoraji anahitaji rangi ya kati, anaweza kupishanisha miraba ya rangi mbili kama ukili wa mkeka. Bryce Bayer mwaka 1973, na Robert Floyd na Louis Steinberg mwaka 1976, waliandika kanuni za kuifanyisha kompyuta kazi hiyo. Katika mchoro mdogo njia hii itumiwe kwa uangalifu. Juu ya ngozi yenye milia au madoa, mpishano huo huonekana kama doa jingine na kuleta mchafuko.

5.6 Jicho

Jicho la mnyama wa miraba 32 ni mraba mmoja, na pengine huo ndio mraba wenye uzito kupita yote. Ukiusogeza hatua moja mbele, punda milia huwa mbuzi. Pima katika picha: jicho liko pembeni mwa kichwa, karibu na sikio kuliko na pua. Weka mraba mweusi, na juu yake mraba mweupe mmoja ili usimezwe na milia ya uso.

5.7 Kupima

Mwisho, utazame mchoro kwa ukubwa utakaotumiwa, tena kwa umbali wa mkono, kisha ufinye macho kama jaribio la Harmon linavyotufundisha. Mraba wowote ambao ukiondolewa mnyama habadiliki, uondolewe.

6.0 Picha ya Kamera au Kumbukumbu?

Inaweza kupingwa kwamba mji huu ulikuwa na wachoraji wakubwa wa wanyama ambao hawakuhitaji picha ya kamera. Pingamizi hili lastahili jibu. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la majini, alifungua hapa, mji ukiitwa bado Elisabethville, karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar, yaani Banda. Hakutaka wanafunzi wake waige michoro ya Ulaya. Aliwahimiza wachore walichokijua na kukikumbuka. Karakana hiyo haikuendelea yenyewe baada ya kifo chake mwaka 1954, na jinsi mwalimu huyo Mzungu alivyoielekeza sanaa ya wanafunzi wake imejadiliwa na wengi, akiwemo V. Y. Mudimbe katika kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1994 kuhusu dhana ya Afrika.

Kwa mada yetu, la maana ni namna walivyofanya kazi. Bela, aliyetoka Chad, alichora kwa ncha za vidole, kila mguso ukiacha doa moja la rangi. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa vistari vifupi vilivyopangwa sambamba. Pili Pili Mulongoy alichora ndege, samaki na wanyama wengine mbele ya mandhari iliyojazwa alama ndogo ndogo zilizorudiwa. Hakuna kati yao aliyekuwa na kompyuta, lakini kila mmoja alijua kwamba mnyama mzima anaweza kujengwa kwa vipande vidogo vilivyo sawa, mradi mpangilio wake umekusudiwa. Huko Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga alifika mahali pa kufanana na hapo kwa njia nyingine: ubao wa mraba, rangi chache za kupakia baiskeli, na mnyama mmoja anayetambulika kutoka ng'ambo ya barabara.

Je, wao waliteua kutokana na nini? Waliteua kutokana na kumbukumbu, na kumbukumbu ni mteuzi hodari, kwa kuwa husahau yasiyo na maana. Lakini kumbukumbu huhitaji kwanza kuona. Vijana wengi wa Lubumbashi wa leo wamemwona punda milia katika kioo cha simu tu. Kwao picha ya kamera inachukua nafasi ya kuona, wala si nafasi ya kukumbuka. Ndiyo maana twapendekeza utaratibu huu: tazama picha kadhaa kwa muda mrefu, zifunike, chora umbo la kwanza bila kuziangalia, kisha zifunue ili zikusahihishe. Hapo kumbukumbu imeteua na kamera imetoa ushahidi, kila kimoja kwa zamu yake.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kumchora mnyama kwa pikseli si kuipunguza picha, bali ni kuichambua. Faida yake ya kimatumizi ni ya wazi. Mchoro wa miraba 1,024 wenye rangi nane huhitaji biti tatu kwa kila mraba, yaani baiti 384 tu, ilhali picha ya pikseli milioni 12 huhitaji baiti milioni 36 kabla ya kubanwa. Mahali ambapo gharama ya intaneti humlemea mzazi, tofauti hiyo yaweza kuamua kama somo litafika katika simu yake au halitafika.

Lakini faida iliyo kubwa zaidi ni ya maana. Maneno yetu ya wanyama yatasomwa na watoto wengi ambao hawatakutana na wanyama wenyewe. Tukiwaachia mashine kazi ya kuteua, tutawapa punda wa kijivu chini yake pameandikwa *punda milia*, na tutawapa duma chini yake pameandikwa *chui*. Neno litakuwa limebaki na kitu kimepotea.

Tungependekeza kwa hiyo kwamba wanafunzi wa Kiswahili na wale wa Chuo cha Sanaa wa mji huu washirikiane kuandaa orodha ndogo ya wanyama wa Katanga, wakianza na ishirini. Kila mnyama awe na ukurasa mmoja: jina lake la Kiswahili sanifu, jina analoitwa mitaani Lubumbashi, alama zake bainifu kwa maneno yasiyozidi mistari mitano, na mchoro wake wa miraba 32 kwa 32. Mwanaisimu aandike alama hizo kabla mchoraji hajaanza, na mchoraji amrudishie zile ambazo miraba imekataa kuzibeba. Daftari la miraba, rula na penseli za rangi vinatosha kuanzia.